Benki ya Mbuzi ya Mhongolo

Jumanne, 3 Juni

Semina ya sheria za fedha, ofisi ya kata. Nimekwenda kwa ajili ya posho. Posho hakuna! Soda moja, tena ya moto, na karanga za kugawana.

Aliyefundisha ni dada Nelly, Afisa Maendeleo ya Jamii. Binti mpole, lakini kila alichosema kilinichoma. Anasema mambo ya fedha yamebadilika. Zamani mtu mwenye vijisenti na meza aliweza kukopesha mtaa mzima. Sasa hapana. Ukikopesha kama biashara, uwe na leseni. Riba na masharti, mkopaji asomewe mpaka aelewe, ndipo atie saini. Kadi ya benki ya mtu huishiki kama rehani. Na kupokea amana, yaani watu wa kila namna wakuwekee fedha zao kwako, hiyo ni kazi ya benki na wale walioruhusiwa tu.

Alipofika kwenye kadi, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Jamani! Ninazo chache tu, na moja imeshaisha muda.

Basi Mageni Fedha Chap Chap, biashara yangu ya kukopesha, imekufa leo mbele ya majirani. Marehemu ameacha kibao kimoja ukutani, kina rangi nzuri sana.

Kisha akasimama Apolonia. (Humu ndani namwita Apolonia. Usoni pake ni Mama Athanas, na mikono naiweka mbele.) Ni jirani yangu, anauza mchele wa jumla, na ni mwenyekiti wa Wabheja Mayu, yaani Asante Mama, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mke wangu Rebeka ni mwanachama. Wameshasajiliwa, cheti wamekitundika. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu wasio ndugu. Apolonia aliuliza: mwanachama akifariki, hisa zake zinalindwaje ili mashemeji wasiwanyang'anye watoto? Nelly akafungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Akasema hilo kikundi kiliandike kwenye katiba yake. Apolonia akasema wameshaliandika, alitaka tu kuhakikisha.

Nikajikuta napiga makofi. Simpendi mwanamke huyu. Lakini kichwa anacho.

Jumatano, 4 Juni

Wazo limekuja nikinyoa ndevu. Nimejikata kwa furaha.

Fedha! Semina nzima ilikuwa fedha. Amana za fedha, mikopo ya fedha. Dada Nelly hakutaja mbuzi hata mara moja!

Na hapa kwetu mali ni nini, kama si mifugo? Nusu ya watu wa Kahama wana mbuzi na hawana pa kuwaweka. Wamepanga chumba kimoja, au wako machimboni, au wana jirani mwenye bustani ya mchicha na ulimi mkali. Babu zetu wamewekeana mifugo tangu dunia iumbwe: nakupa wangu unichungie, wakizaa tunagawana. Mimi naongeza kibao tu.

Nimemweleza Rebeka. Ameuliza mbuzi watalala wapi. Maswali madogo madogo! Halafu akashauri nimuulize kwanza Mama Athanas. Kamwe.

Fundi rangi amekuja mchana. Sasa kibao kinasomeka BENKI YA MBUZI. WEKA, VUNA, ONDOKA. Mbuzi aliyemchora anafanana na mbwa. Nimemwambia amwongezee pembe.

Alhamisi, 5 Juni

Siku kubwa! Mteja wa kwanza: Mwita, mchimbaji, anarudi Kakola kwenye duara lake. Duara ndilo shimo la dhahabu, na shimoni huendi na mbuzi. Ameweka wawili. Akauliza kama atarudishiwa haohao. Nikacheka kidogo, kama mameneja wanavyocheka. Nikamwambia, Mwita, ukiweka noti benki, unarudishiwa noti ileile? Unarudishiwa noti. Hapa pia mbuzi ni mbuzi. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mimi mwenyewe nilijiheshimu.

Baada yake wakafuata wengine, mpaka mchana ua umejaa. Ndipo akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni Mbuke, anakaa Ngogwa. Na kwetu mkwe ni mkwe. Humsogelei, humwangalii usoni, humpi mkono, kubishana naye ndiyo usiseme. Alisimama nje ya lango amenipa mgongo. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Rebeka katikati, anabeba maneno huku na huku kama ndoo za maji.

Ameleta mbuzi sita. Ni wa mahari ya Gregory, mdogo wake Rebeka, anayeoa Chato. Ng'ombe wameshakwenda, wamebaki hawa mbuzi, na kijijini wezi wamezidi. Anaomba wakae hapa mpaka wakwe wa Chato wataje siku. Ningekataaje? Na kwa nini nikatae? Mbuzi wenyewe wamenona, manyoya yanang'aa!

Ila benki isiyokopesha ni zizi. Jioni akaja Masudi, mwenye mgahawa wa supu stendi. Anataka mkopo wa mbuzi watatu. Nimefurahi mno. Nani anawajua mbuzi kuliko Masudi? Mkataba nimeuandika kwa mkono wangu: miezi mitatu, anarudisha wanne. Akachagua mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja kwa wale wa mama mkwe. Mbuzi ni mbuzi.

Nimemwona Apolonia dukani kwake anasoma kibao changu. Amekisoma mpaka chini. Hakucheka. Kwa nini hakucheka?

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Mtaa mzima unanukia pilau. Masudi, muungwana yule, ametuletea hotipoti imejaa, nyama ya mbuzi laini, inaachia mfupa yenyewe. Wateja wa namna hii ndio wanaojenga taifa! Nimeongeza sahani ya pili.

Rebeka hakula. Aliuliza ni mbuzi gani. Nikasema wa Masudi. Akauliza Masudi amempata wapi. Nikasema anawanunua, kazi yake ni hiyo. Kisha akaniuliza taratibu kabisa, kama mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa supu akikopa mbuzi siku mbili kabla ya Idi anakwenda kuwafanyia nini.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Sikujua nimeze au niteme. Nimemeza.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Mama mkwe ametuma salamu: Chato wamekubali, mbuzi waondoke Jumapili hii. Wajomba wa binti hawataki tena maneno ya kesho na keshokutwa. Kuna mchumba mwingine Biharamulo, ana pikapu, na kila wiki anawapelekea samaki na sukari. Mbuzi wasipofika, binti anakwenda kwa mwenye pikapu.

Gregory amemsubiri binti huyu tangu mwaka juzi. Amejenga nyumba, amepaka chokaa, amenunua na kitanda. Hata mimi nimewahi kulala kwenye kitanda hicho, ni kizuri.

Nimekwenda stendi kwa Masudi. Hakuficha chochote. Mbuzi amewauza sikukuu, bei ilikuwa nzuri, mmoja amempika, na nasikia niliusifia upishi. Akaniagizia chai na chapati. Nikamwambia namtaka arudishe leo. Akatoa mkataba mfukoni, ameuhifadhi vizuri kuliko nilivyohifadhi wangu. Miezi mitatu. Mwandiko wangu. Akaniuliza kwa adabu kama ameusoma vibaya.

Nikamtishia mahakama. Akauliza ni mahakama ipi inayopokea benki isiyo na leseni. Wateja wote wakaweka bakuli chini wakacheka. Masudi hakucheka. Aliniongezea chai.

Sasa naona ilipo kasoro. Mwenye mbuzi anaweza kumtaka siku yoyote. Niliyemkopesha anarudisha baada ya miezi mitatu. Katikati hapo nipo mimi. Nani angeliona jambo hilo mapema? Rebeka anasema Mama Athanas angeliona.

Jumatano, 11 Juni

Mpango mpya. Kikundi cha Wabheja Mayu kina mfuko wa jamii. Mwanachama akiuguliwa na mumewe, anasaidiwa. Kwa hiyo nimeugua.

Rebeka amekataa kushiriki. Ameenda kuosha vyombo na kuvigonganisha kwa nguvu. Nikamtuma mwanangu Wema akaseme baba yuko hoi. Nikajifunika blanketi juani, nikajipaka mafuta ya kuchua mpaka macho yakatoka machozi ya kweli.

Kumbe katiba yao inasema mgonjwa lazima aonwe na kamati! Wamekuja: Apolonia, Melania na Esta, na jagi la uji. Nikagumia. Apolonia akanigusa paji la uso. Akawaambia wenzake, kwa huzuni kubwa, kwamba hali ni mbaya na kikundi hakiwezi kumwacha mume wa mwanachama afe. Bajaji iko nje. Hospitali wanamsubiri. Sindano asubuhi na jioni, na asionje nyama mpaka apone.

Nimepona. Sijawahi kuona mtu anapona haraka vile.

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alivuta kigoda akanieleza kwamba mfuko ule ni wa ugonjwa, msiba na maafa. Akaniuliza mbuzi wa mama mkwe tuwaweke kwenye kifungu kipi. Anajua! Mtaa mzima unajua, isipokuwa mama mkwe mwenyewe. Akanishauri niwaite wenye mbuzi niwaambie ukweli leo, kabla hawajausikia kutoka kwenye supu. Nikasema nina mpaka Jumapili, na mtu mwenye mawazo hakosi wazo.

Akakunja kanga yake akaondoka. Uji aliuacha. Ulikuwa na siagi ya karanga. Mwanamke anajua kupika uji pia!

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na wazo. Tatizo la benki ni watu kukosa imani. Nikapanda ngazi, nikaongeza maneno kwenye kibao: MBUZI WOTE WAKO SALAMA.

Kabla sijashuka, watu wanne wameshafika kuuliza kwa nini nimeandika hivyo.

Nikawaambia ni kwa sababu wako salama. Wakauliza nani alisema hawako salama. Nikasema hakuna aliyesema. Wakatazamana. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba anamhitaji mbuzi wake leo. Wa pili naye. Wa tatu akapiga simu. Mara lango limejaa watu, hata wengine sijawahi kuwaona, na kila mmoja ameshika kamba!

Aliyeleta kadogo ka kukohoa anatoka na beberu. Aliyeleta beberu anapiga kelele beberu wake anaondoka. Nikasimama juu ya ndoo kuwaambia kila mtu achukue wake. Mke wa Mwita, aliyekuja kwa niaba ya mumewe, akanijibu mbele ya wote kwamba mumewe aliambiwa hapa mbuzi ni mbuzi. Wakaitikia kwa pamoja, mbuzi ni mbuzi! Maneno yangu mwenyewe. Nilitamani niyameze kama lile tonge la Idi.

Watatu wa mama mkwe waliosalia ndio waliotangulia kutoka. Walikuwa wamenona mno.

Vumbi lilipotulia kabaki mbuzi mmoja. Ana pembe moja na kikohozi. Simjui wa nani, naye haonyeshi kunijua.

Rebeka aliketi kwenye kigoda, hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Baba Wema, yule ni mdogo wangu. Hana baba. Alikuwa anakuita wewe kaka."

Nimeona aibu. Nimetafuta wazo, nimezunguka ua mara nyingi, wazo halikuja. Nikavaa shati safi, nikaenda mwenyewe kwa Apolonia. Nilipiga hodi kama mtu anayekwenda kumposa binti wa chifu.

Alisikiliza yote. Akasema kesho asubuhi, nije na kibao.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeona kitu leo.

Kwanza alinikalisha kwenye duka lake, Melania na Esta wakiwa mashahidi. Akasema atanisaidia, lakini hawezi kumsaidia mtu bila kumsomea masharti. Akayasoma kwa Kiswahili. Kisha kwa Kisukuma. Kisha akanitaka niyaseme mimi. Nikakosea, akayasoma tena, hakuchoka. Kibao kishuke. Kadi za watu zirudi kwa wenyewe leo hii. Na kila mwenye mbuzi nimwambie kwa mdomo wangu kwamba faida haipo na haikuwahi kuwepo. Nikaelewa. Nikakubali. Sijawahi kumsomea mtu masharti yangu namna ile. Waliokopa kwangu walikuwa wanasaini huku natafuta kalamu nyingine.

Kisha akawaita watu wote na mbuzi wao uwanja wa mpira. Wakaja! Mimi nisingewakusanya hata kwa ng'oma. Mmoja tu hakuja, alikuwa amemficha beberu wa mama mkwe chumbani kwake, lakini tulipopita dirishani beberu alijisemea mwenyewe.

Apolonia hakumtukana mtu. Aliwaambia hii haikuwa benki. Benki ina mtaji wa kuanguka nao, ina mkaguzi anayekuja bila hodi, na amana za wateja zimekatiwa bima ili ikifilisika mtu mdogo asipotee kabisa. Hapa palikuwa na Baba Wema na ua. Kwa hiyo hesabu za benki hazihusiki. Hii ni mifugo ya kuwekeana, kama ya wazee wetu, na kwa wazee wetu kila mtu anachukua wake. Akamwita mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akamtaja mbuzi wake kwa rangi, kwa sikio, kwa kovu. Hakuna aliyethubutu kudanganya mbele yake. Mbuzi wakabadilishana kamba. Yule mwenye kikohozi akapata mwenyewe, bibi mmoja wa Majengo, akamkumbatia!

Mimi nikapita kwa kila mtu kusema faida haipo. Wengine walinisonya. Mke wa Mwita nilimrudishia na kadi ya mumewe, ya mkopo wa zamani. Aliitazama pande zote mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akanisonya pia.

Watatu wa mama mkwe wakarudi. Bado watatu wa Masudi.

Nilidhani ataenda na polisi. Apolonia alikwenda na Melania na Esta, wakakaa, wakaagiza supu, wakala, wakalipa. Akamsifia Masudi ndimu na pilipili. Akamuuliza habari za watoto kwa majina. Ndipo akaomba kuuona ule mkataba. Akausoma kwa makini, akamwambia una makosa, na makosa si yake. Aliyeuandika hakuwa na ruhusa ya kuuandika. Yeye Masudi anaweza kuukalia miezi mitatu, au anaweza kumwozesha kijana yatima kesho. Na kikundi kina mkutano mkuu mwezi ujao, watu wote watakula, na hajaamua bado chakula kiagizwe wapi.

Masudi akacheka mpaka akafuta macho. Akamtuma mtu mnadani palepale. Mbuzi watatu, wakubwa. Mimi nilimtishia mahakama, yeye alisifia ndimu.

Tukirudi nikamuuliza aliyajulia wapi yote haya. Alisema kikundi chao kinasoma sheria kila Alhamisi kabla ya kuchangia, kifungu kimoja, mpaka aliye mzito kuelewa aelewe. Kanuni mpya ikitoka wanaianza upya. Nikasema lakini vifungu ni vingi mno, nani ana kazi ya kuviandika vyote hivyo. Akasimama.

"Baba Wema, hakuna kifungu kilichoandikwa bure. Nyuma ya kila kimoja kuna mtu kama wewe, na kuna Gregory wake."

Nimekaa nikiyafikiria maneno haya. Watu kama mimi ndio tumeijenga sheria! Sikuwahi kuliangalia jambo hili kwa upande huo.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe amekuja baada ya misa. Kanipa mgongo langoni. Mimi nyuma ya mlango, jasho linanitoka. Mbuzi sita kwenye ua, watatu wake, watatu wa mnadani.

Akawaangalia mmoja mmoja. Akakagua masikio. Gregory amesimama pembeni kavaa koti jipya, uso umemkauka. Kisha mama mkwe akamwambia Rebeka, kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Mwambie mkwe wangu, hawa watatu siwajui. Tena mwambie nimesikia yote tangu Jumatatu. Nilinyamaza nione kama kwenye nyumba hii kuna mtu mzima. Mwambie yupo, ila si yeye. Anakaa jirani."

Rebeka akageuka kuniletea ujumbe. Nikasema nimesikia.

Mbuzi wamepakiwa kwenye fuso. Gregory alikuja akanishika mkono, akaniita kaka. Nilimwombea njia nzima kutoka moyoni, mpaka simu ilipoita jioni. Chato wamepokea. Wajomba wamewashika mbuzi mgongo, wamesema hawajaona mbuzi wa namna hii, hasa wale watatu. Mwenye pikapu amerudi Biharamulo na samaki wake. Rebeka amelia, mimi pia kidogo. Nimekwenda kumwambia Apolonia wabheja sana, na nimeinama chini kama kwa mama yangu. Alikuwa anapima mchele. Alisema karibu, akaendelea kupima.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya heshima! Dada Nelly amenialika kwenye semina ya vikundi vipya, niwaeleze wananchi yaliyonipata. Apolonia ndiye aliyenipendekeza. Mimi! Mbele, karibu na meza ya viongozi, na soda yangu ilikuwa ya baridi.

Nimesema yote. Zizi, Masudi, Idi, uji. Watu wamecheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Nimewaambia msifanye kama mimi, someni sheria, jisajilini, msomeeni mkopaji masharti mpaka aelewe. Nimemtaja Mama Athanas, nikasema kama nchi ingekuwa na kumi kama yeye tungelala milango wazi. Nilimaanisha kila neno. Ukumbi wote ukasimama kupiga makofi. Rebeka alikuwa nyuma, nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nikatoka nje mwepesi, kifua kimejaa. Wazee wawili wakanifuata mpaka chini ya ukuta, wanatoka huko Songwa, walikuja kusajili kikundi chao. Wakasema wamependa maelezo yangu, hasa pale pa mwanzo. Wakaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninapokea bata.

Nimewaza kwa makini, maana sasa mimi ni mtu aliyeielewa sheria. Benki yangu iliangushwa na nini hasa? Kila mtu alimtambua mbuzi wake. Rangi, sikio, kovu! Bata wote ni weupe. Nani atasimama uwanjani kusema yule ndiye wangu?

Nimewaambia walete Jumatatu. Waje kwa mlango wa nyuma, wasipite upande wa duka la mchele.